Msiwavunjie Watoto Askari Wao wa Udongo



Sifa zote njema anastahiki Allaah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Swahaba zake wote. Ama ba'ad.

Wazazi wenzetu wa Dzaleka na wa Lilongwe, safari hii tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wenu mtaliona dogo. Tunaandika juu ya askari wa kuchezea, vile vijitu vya plastiki na vya udongo ambavyo watoto huvipanga mistari miwili na kuvipiganisha. Tunaliandikia jambo hili kwa sababu limeleta maneno makali baina ya ndugu, na kwa sababu tunaona watoto wetu wamedhulumiwa ndani yake.

KISA CHENYEWE

Karibu na Idd familia moja ya Lilongwe ilituma kambini mzigo wa nguo za watoto. Chini ya nguo kulikuwa na sanduku la askari wa plastiki, kila mmoja mfupi kuliko kidole, wote wamepakwa rangi kwa mkono: wapanda farasi wenye vilemba, wapiga mishale, na watembea kwa miguu wenye ngao. Kijana wa familia ile aliletewa na jamaa yake aliyeko Uingereza, akavipaka rangi kwa miezi mingi, na sasa amekua akaona awape wadogo zake katika Imani.

Watoto waliovipata walifurahi. Waliokosa hawakulia. Walikwenda kwenye kichuguu, wakachota udongo, wakafinyanga jeshi lao wenyewe. Rangi nyeusi waliipata kwenye mkaa, nyeupe kwenye majivu, na nyekundu kwenye udongo wenyewe. Baada ya siku chache barazani mwa madrasa kulikuwa na majeshi mawili yanatazamana.

Mwalimu alipotoka akayaona, aliyakanyaga ya udongo na kuyatupa ya plastiki shimoni. Akawaambia watoto kwamba wamefinyanga masanamu, na kwamba mtoto aliyekimbia vita haifai kucheza vita. Watoto walitawanyika kimya.

Hatumtaji mwalimu huyo wala madrasa yake. Nia yake tunaijua ni njema, na siye peke yake mwenye rai hiyo. Wapo wazazi waliompongeza. Lakini sisi tunasema wazi: amekosea, na waliompongeza wamekosea pamoja naye. Tutaeleza kwa nini.

HOJA YA KWANZA: ETI NI MASANAMU

Ni kweli kwamba Hadithi zimekuja kwa ukali juu ya wachoraji na wachongaji wa vyenye roho. Hatuzipunguzi wala hatuzifanyii hila. Lakini elimu ya dini haichukuliwi kwa Hadithi moja na kuziacha nyingine.

Bibi 'Aaishah (r.a.) ameeleza, kama ilivyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, kwamba alikuwa akicheza na wanasesere wake nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), na wenzake wakicheza naye. Mtume akiingia wale wasichana walijificha kwa haya, naye akiwarejesha waendelee kucheza. Na katika Sunan ya Abu Daawuud imepokewa kwamba Mtume aliporudi kutoka vitani, Tabuk au Khaybar, aliona kati ya wanasesere hao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Alipouliza farasi gani huyo mwenye mbawa, 'Aaishah akamjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Sulaymaan (a.s.), naye akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Wazazi, tulizingatie tukio hilo. Mtu ametoka jihadi, ana vumbi la safari, anaona farasi wa kuchezea, tena si farasi wa kawaida bali wa kubuni. Hakukanyaga. Aliuliza, akasikiliza jibu la mtoto, akacheka.

Kwa ushahidi huo wanazuoni wengi wamevitoa vitu vya kuchezea vya watoto katika katazo la masanamu. Al-Qaadhi 'Iyaadh ameinukuu rai hiyo kuwa ni ya walio wengi. Wapo waliosema kwamba ruhusa hiyo ilifutwa, na mwenye kuifuata rai yao nyumbani kwake tunamheshimu. Lakini kuwakanyagia watoto wa wenzako vitu vyao katika jambo ambalo wanazuoni wengi wameliruhusu, hiyo siyo kukataza maovu. Hiyo ni kuwatia watoto hofu ya madrasa.

HOJA YA PILI: ETI MTOTO WA VITA ASICHEZE VITA

Hoja hii ina huruma ndani yake, basi tuijibu kwa upole. Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 hapa wilayani Dowa, mahali palipokuwa jela katika enzi ya Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu kama 10,000 hadi 12,000, na leo inabeba zaidi ya 50,000. Wengi wetu tumetoka Kongo, Burundi na Rwanda, na wapo ndugu zetu wa Somalia na Ethiopia. Hakuna nyumba ambayo haina habari ya vita. Goma ilipoanguka Januari 2025 na Bukavu Februari yake, simu zililia humu kambini usiku kucha. Watoto walikuwa macho, wakisikia kila neno.

Sasa nani aliyeleta vita katika vichwa vya watoto hawa? Je, ni vile vijitu vya plastiki kutoka Lilongwe? Vita vilikuwamo tayari. Mchezo umevitoa nje tu, mahali ambapo mzazi anaweza kuviona.

Na hapa tuseme jambo ambalo mwalimu hakuliona kwa sababu hakuinama. Baada ya kukanyaga, mmoja wetu aliokota kipande kilichosalia. Kilikuwa na mzigo kichwani. Akamwambia mtoto aliyekuwa akifuta machozi, "Huyu askari mbona hana bunduki?"

Mtoto akajibu, "Huyu si askari. Huyu ni mama. Amebeba godoro."

Nyuma ya jeshi lile la udongo watoto walikuwa wamepanga mstari mrefu wa watu wenye mizigo. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Mtoto anayejua kwamba nyuma ya kila jeshi kuna mama aliyebeba godoro, huyo anacheza kile anachokijua. Alihitaji mtu mzima akae chini amuulize mama huyo anakwenda wapi. Badala yake alipata kiatu.

KINACHOKOSEKANA KATIKA MASANDUKU YA ULAYA

Wasomaji wengi hawaujui mchezo huu, basi tuueleze kidogo. Huko Ulaya na Marekani kuupanga na kuupaka rangi ni uraibu wa watu wazima. Chanzo chake kimoja ni maofisa wa Prussia: mwaka 1824 Luteni Reisswitz aliwaonyesha wakubwa wake mchezo wa vita wa kuchezwa juu ya ramani, nao wakautumia kuwafundishia maofisa. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za vita vya askari wa kuchezea sakafuni, akaeleza humo kwamba mwenye kucheza vita vidogo ataona upuuzi wa vile vikubwa. Mwaka mmoja baadaye vikubwa vikaja. Kisha mwaka 1983 kampuni ya Games Workshop ya Uingereza ikatoa mchezo wa Warhammer, wenye majeshi ya kubuni, mazimwi na mashetani, na mwaka 1987 ukafuata ule wa zama zijazo. Sanduku moja la vijitu hivyo, ambavyo hata havijapakwa rangi, huweza kufika pauni 30 na kupita.

Wapo pia wanaopenda majeshi ya historia. Humo utamkuta Swalahud-Diin na askari wake, utawakuta Mamluki, utawakuta Waturuki wa Dola ya Uthmaniya. Na utawakuta babu zetu, wale askari weusi wa Wajerumani na wa King's African Rifles ya Waingereza waliopigana huku kwetu baina ya 1914 na 1918. Vita hivyo vilianza mapema hapa Malawi, zamani Nyasaland: mwezi wa Agosti 1914 meli ya Waingereza iliishambulia meli ya Wajerumani Ziwa Nyasa, na tarehe 9 Septemba watu wakauana Karonga. Askari wengi wa Nyasaland walikuwa Wayao, na wengi wa Wayao ni Waislamu. Ni historia yetu, na kijana wa Nottingham anaijua kuliko kijana wa Mangochi.

Lakini hebu tazameni ndani ya jeshi la namna hiyo. Kuna askari, kuna ofisa, kuna mzinga. Wapagazi utawakuta wachache, au huwakuti kabisa. Vita vile vilibebwa vichwani na watu walioitwa tengatenga hapa Nyasaland. Kwa Waswahili waliitwa kariakoo, jina ambalo bado liko Dar es Salaam na Nairobi. Waliswagwa kutoka vijijini, wakabeba chakula na risasi, na makumi ya maelfu wakafa kwa njaa na maradhi. Kila askari mmoja aliyepiga risasi alikuwa na wabebaji nyuma yake. Mezani pa mchezo hawaonekani, maana hawana pointi.

Basi tuwaulize wanaotuona tunatetea mchezo wa kizungu: nani ameuelewa mchezo huu vizuri zaidi, mzee wa Ulaya mwenye sanduku la pauni 30, au mtoto wa Dzaleka mwenye udongo wa kichuguu? Yeye alianza na mama mwenye godoro.

HOJA YA TATU: ETI NI UPUUZI USIO NA ASILI KWETU

Wanaosema hivi wamesahau mababu zao. Beni, ngoma iliyoanza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa ni nini kama si kucheza jeshi? Watu walivaa sare, wakapeana vyeo, wakapiga gwaride kwa tarumbeta. Askari na wapagazi wa vita vya 1914 waliieneza hadi huku, na mpaka leo kandokando ya ziwa wanacheza malipenga na mganda, na Wayao wana beni yao. Wanazuoni wa pwani waliilaumu beni kwa ufakhari, fujo na ubadhirifu uliokuwamo, na lawama hiyo ilikuwa na haki. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba kucheza jeshi ni jambo la jana.

Na bao je? Mbao ya mashimo 32 na kete 64, watu wawili wanatekana mpaka mmoja aishiwe. Wazee wetu wanakaa nalo tangu alasiri, na wenyeji wetu Wamalawi nao wanalo, wanaliita bawo. Ni vita vya akili, na hatujamsikia mwalimu yeyote akiikanyaga mbao ya mzee.

Zaidi ya hayo, siku ya Idd Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.). 'Umar (r.a.) alipotaka kuwazuia kwa kuwarushia vijiwe, Mtume akamwamuru awaache. Haya yamo katika Al-Bukhaariy. Sisi tunataka kuwa wakali kuliko 'Umar, mahali ambapo 'Umar mwenyewe aliambiwa aache?

MNAOKANYAGA UDONGO, MNANYAMAZIA NINI?

Sasa tugeuze maneno. Mita chache kutoka baraza ile kuna kibanda cha video. Humo watoto wa umri wa madrasa wanatazama watu wakikatwa vichwa kwa bei ndogo kuliko ya andazi. Nani amekwenda kukanyaga televisheni ile? Vijana wetu wanachana mikeka ya mpira kila Jumamosi, na hiyo ni kamari tupu isiyo na khitilafu ya wanazuoni. Nani amesimama mlangoni pa duka la kamari?

Na nyinyi wazazi wa Lilongwe, msidhani mmesalimika. Nyumba ambayo baba anasema "sanamu haramu" ndiyo nyumba ambayo mtoto anapewa simu ili mama apike kwa utulivu, na ndani ya simu anaua watu mia kabla ya Maghrib, peke yake, bila kujua wanaitwa nani. Yule mwenye vijitu vya udongo angalau ana mwenzake mbele yake. Akishindwa lazima amtazame usoni.

Tunakanyaga udongo kwa sababu mwenye udongo ni mtoto, hana wa kumsemea. Mwenye kibanda ana mdomo na ana fedha. Huo si ujasiri wa dini.

MIPAKA TUNAYOIJUA

Wasije watu wakasema tumefungua mlango wote. Ipo mipaka, na tunaitaja.

Kwanza, dadu. Michezo mingi ya Ulaya ya namna hii inaamuliwa kwa dadu, na makemeo ya Mtume (s.a.w.) juu ya mchezo wa dadu ni makali na yanajulikana. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shaafi'iy wametofautisha baina ya mchezo wa kufikiri na mchezo wa kubahatisha. Basi dadu zitolewe. Mtoto ashinde kwa kupanga vizuri, kama katika bao.

Pili, ruhusa ya vitu vya kuchezea ni ya watoto. Baba mwenye ndevu anayejaza rafu sebuleni vijitu vya mamia ya pauni ili avitazame, asijifiche nyuma ya Hadithi ya Bibi 'Aaishah. Hiyo ni israfu, na suala la picha kwake ni zito.

Tatu, majeshi ya mashetani na miungu ya uongo hatuyataki. Farasi mwenye mbawa ni jambo moja, na kumfundisha mtoto kushangilia upande wa shetani ni jambo jingine.

Nne, Swala. Adhana ikisikika jeshi linalala.

Tano, afya. Vijitu vya zamani vya chuma vilitengenezwa kwa madini ya risasi, na rangi nyingine za kopo zina madini hayo hayo, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Udongo, mkaa na majivu vinatosha.

TUNAWAOMBA MFANYE HIVI

Siku moja katika wiki, baba au mama akae chini na watoto. Wafinyange majeshi mawili, na katikati wapange kijiji: mama mwenye godoro, mzee mwenye fimbo, mti wa matunda, mbuzi, nyumba ya ibada. Kisha wasomewe wasia wa Abu Bakr (r.a.) kwa jeshi aliloliaga kwenda Shaam, kama ulivyopokewa katika Muwatta ya Imaam Maalik: kwamba wasiuwe mwanamke, wala mtoto, wala mzee, wasikate mti wenye matunda, wasiharibu panapokaliwa, wasichinje mnyama ila wa kula, na wawaache watawa katika ibada zao. Kanuni ya mchezo iwe hiyo: atakayeangusha mtu wa kijiji au mti, ameshindwa papo hapo, hata akiwa amebakiwa na jeshi zima.

Mkubwa kidogo aelezwe habari ya Al-Quds. Mwaka 1099 walioiteka waliwachinja wenyeji. Mwaka 1187 Swalahud-Diin alipoirudisha, watu walitoka kwa fidia bila kuchinjwa. Na msimfiche mtoto kwamba maelfu waliokosa fidia waliingia utumwani. Aulizwe: wewe ungefanyaje nao? Swali hilo mtoto wa Dzaleka analijibu vizuri kuliko mtoto wa nchi yenye amani.

Ndugu zetu wa Lilongwe, mzigo wenu ulikuwa kheri na Allaah awalipe. Mnakumbuka mwaka 2023, amri ya kurudi kambini ilipotekelezwa, familia nyingi zilifunga maduka mjini na kuja huku na watoto waliokuwa hawajawahi kulala kambini. Watoto wale walifika bila chochote cha kuchezea. Na mgao wa chakula umekatwa zaidi ya mara moja tangu hapo.

Katika Al-Bukhaariy na Muslim, Ar-Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.) ameeleza kwamba siku ya 'Ashuuraa walikuwa wakiwafungisha watoto wao, na mtoto akililia chakula walimpa kitu cha kuchezea cha sufi mpaka wakati wa kufuturu ufike. Mama wa Madinah alijua kwamba kitu cha kuchezea kinamvusha mtoto saa ya njaa. Mama wa Dzaleka analijua hilo pia, na kwake si siku moja ya 'Ashuuraa.

Tunamwomba mwalimu wetu, naye tunampenda kwa ajili ya Allaah, akae na watoto wale awaombe radhi. Hilo halitamshusha. Kichuguu bado kipo na udongo haujaisha. Wakianza kufinyanga tena, tunamwomba ainame awaulize mama yule wa godoro anakwenda wapi.

Ewe Mola wetu, warehemu watoto wetu, wape nyumba zenye amani, na uzizime fitna za Kongo, Burundi, Sudan, Somalia na kila mahali wanapokimbia waja Wako. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.